Ungenunua Mpya?

Ngoingwa, Thika
28 Januari 1996

Kwako Tata Warigia,

Pokea salamu zangu hapo Kimbo, wewe na cherehani yako na wote wanaoketi kwenye ile benchi yako wakingoja. Sisi tuko. Mama ameacha kukohoa tangu apewe ile dawa ya rangi ya chai. Gachau ameingia darasa la saba na sauti yake imeanza kukwaruza. Akisoma Biblia jioni sote tunaficha nyuso. Jirani amenunua jogoo anayewika saa ambazo si za kuwika.

Najua utashangaa kuandikiwa na mtu wa Thika na wewe uko Ruiru hapo tu. Ningekuja, lakini unajua kwa nini siji. Tangu ile Krismasi ya mwaka juzi, Baba alipokuambia wewe dada yake mbele ya watu wote kwamba hawezi kula meza moja na mtu anayeuza mitumba huku mitumba inaua kiwanda chake cha nguo, hakuna mtu hapa nyumbani anayetaja jina lako kwa sauti. Mimi ndio kabisa, hata jina langu mwenyewe silitaji kwa sauti. Nikijibu swali darasani, anayesikia ni wa dawati la mbele tu.

Sasa shida yangu. Madam Jentrix, mwalimu wetu wa baiolojia, amenichagua nifanye mradi wa Science Congress, yale mashindano ya sayansi ya shule. Alinichagua kwa sababu naandika vizuri. Nadhani alisahau kwamba huko watu husimama na kuongea. Mradi ni wa kupima: nguo ikivaliwa na mtu wa pili, au ikikodishwa, au ikishonwa ilipochanika, mto unapumzika kiasi gani? Kitambaa kipya hunywa maji mengi kabla hakijavaliwa, na maji hayo hutoka mtoni na kurudi mtoni yakiwa na rangi. Nimeandika kurasa mbili kwa Kiingereza nikaona sijui lolote. Wewe una vyote vitatu ninavyovitaka: mitumba, ile gauni ya harusi unayokodisha, na cherehani.

Belo moja la mitumba lina uzito gani? Gauni imevaliwa na maharusi wangapi? Na nguo za kutengeneza, unakumbukaje ipi ilishawahi kuja?

Usijibu nyumbani. Tumia sanduku la posta la shule, jina langu kisha Form Three East. Nashukuru hata kabla ya kusaidiwa.

Mtoto wako,
Gathoni


Kimbo, Ruiru
13 Februari 1996

Maitu,

Nakuita mama yangu kwa sababu umepewa jina la mama yetu, na mtu hamwiti mama yake Gathoni hivi hivi. Barua yako ilikaa dukani kwa Zubeida kwa sababu sanduku la posta ni lake na alikuwa ameenda matanga Githurai. Akaniletea mwenyewe. "Warigia, umeandikiwa na mtu ana mwandiko wa heshima, umekosea nani?" Nikacheka mpaka nikajidunga sindano.

Mimi ni mzima, ni mguu tu unavimba kwa kukanyaga cherehani. Wapangaji wa ploti yetu wameongezeka, maji ya mfereji yamepungua.

Belo nililibebesha mkokoteni mpaka kwa yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ndiye ana mizani kubwa. Akalibonyeza. "Mama, hiki ni chuma gani laini hivi?" Ni kilo arobaini na tano. Lakini usihesabu zote, maitu. Ukikata kamba, zile nzuri za juu tunaziita kamera, hizo huisha kabla chai yangu haijapoa. Za katikati hutoka polepole. Chini kuna fagia: madoa, zipu zilizokufa, sweta za watu wa barafu. Fagia nyingine nawapa mafundi wa magari wapanguse mafuta. Nyingine, nitakuambia ukweli, inachomwa huko nyuma na moshi wake ni mweusi. Kama mto umepumzika, hewa haijapumzika. Andika na hiyo.

Gauni nimesahau maharusi, lakini kufua sijasahau. Kila Jumatatu inarudi na matope ya pindo, nabadilisha maji ya beseni mpaka mkono unakufa ganzi. Na mwezi juzi ilienda Gatundu na kurudi kwa gari la kukodi, peke yake kiti cha nyuma, kama mheshimiwa. Petroli yake utaiweka wapi?

Za kutengeneza nazijua. Kila nguo nikimaliza naweka mshono mmoja wa uzi mwekundu ndani ya pindo, pale macho hayafiki. Mama yetu ndiye alituonyesha, alipokuwa akishonea watu wa mashamba ya kahawa. Nguo ikirudi, naweka mwingine. Kuna suruali moja hapa ina mishono imejipanga kama askari wa gwaride.

Umeniambia ya mama yako, ya Gachau, mpaka ya jogoo. Nimesoma mara mbili nikitafuta mtu mmoja. Hayuko.

Ni mimi,
Tata


Ngoingwa, Thika
5 Machi 1996

Kwako Tata,

Asante kwa yote, na kwa mkokoteni. Mvua imetuanzia na kuta za jikoni zinatoa jasho. Gachau anakusalimia, nilimwambia peke yake na ameapa kwa mdomo uliojaa ugali.

Huyo mtu uliyemtafuta hayuko kwa sababu nilimficha. Baba yuko nyumbani. Tangu Desemba kiwanda kimesimamisha nusu ya mashine na wa zamu yake wameambiwa wangoje. Anangoja. Asubuhi anavaa koti lake la kaki, lile alilofuma kitambaa chake mwenyewe, anakaa kwenye stuli mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Kiwiko kimoja kimetoboka. Mama alimwambia avae sweta akasema, "Sweta ya nani? Ya mzungu aliyekufa?" Hapa mtumba hauingii. Gachau anavaa viatu vya shule mpaka Jumapili.

Nina jambo linalonisumbua. Nilihitaji kujua kitambaa hunywa maji mangapi, na mtu ninayemjua wa kuuliza ni Baba. Niliuliza nikitazama chini. Tata, aliongea! Aliniambia uzi hupakwa wanga ili usikatike kwenye mashine, halafu wanga wote lazima uoshwe, kisha kuchemshwa, kisha kutolewa weupe, kisha rangi, kisha kusuuza na kusuuza mpaka maji yatoke yalivyoingia. Alichora mapipa kwa mkaa sakafuni. Sijamwona hivyo tangu mwaka jana. Akauliza, "Hii yote ni ya shule?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza. Mama alipofagia ule mkaa nilitamani kulia. Namchukua maarifa yake ili nionyeshe kwamba kitambaa chake ni gharama kwa mto. Najiona kama mpelelezi ndani ya nyumba yetu.

Na juu ya hayo nimekosea. Nilichukua blauzi zote za belo, nikatoa fagia, nikazidisha kwa maji ya Baba, nikapata maji ya kujaza bwawa. Nikafurahi. Madam Jentrix akasoma kimya halafu akauliza, "Gathoni, nani amekuambia kila mtumba umezuia nguo mpya? Pengine aliyenunua angekaa tu na ile ya zamani." Kumbe nimepima nguo na sijapima watu.

Inabidi wanunuzi waulizwe: kama hii haingekuwepo, ungenunua mpya? Mimi siwezi. Nilijaribu kumwuliza mama mmoja sokoni Jumamosi nikaishia kumwuliza saa. Tafadhali niulizie.

Gathoni


Kimbo, Ruiru
6 Aprili 1996

Maitu,

Sikujua. Hapa watu wa Thika wanapita kila siku na hakuna aliyeniambia. Basi.

Nimeuliza mpaka wananikwepa. Wa kwanza alikuwa Benta, yule anapika mandazi.
"Benta, hiyo blauzi haingekuwepo, ungenunua mpya?"
"Wewe unaniuzia ama unanifukuza?"
"Nauliza tu."
"Ningenunua mpya na nini? Ningevaa hii yangu mpaka inikimbie."
Mwingine, karani wa baraza la mji hapa Ruiru, akasema, "Ningenunua. Mtu wa ofisi atavaa nini?" Kijana mmoja alichukua mashati matatu. Nikamwuliza. Akajikuna. "Mpya ningenunua moja, Mama. Hizi mbili ni raha tu." Sasa hiyo nimeiweka moja ya ndiyo na mbili za la, sijui kama Madam atakubali. Na mmoja aliniambia swali langu ni la kishetani akaacha sketi.

Niliwapanga kwa mawe kwenye vikopo viwili. Kila nikihesabu inakuja vilevile: katika kumi, wanne wangenunua mpya. Sita wangekaa hivyo. Lakini wa kutengeneza ni tofauti: karibu wote wangenunua, kwa sababu mtu hatembei na matako nje. Na wa gauni, hakuna hata mmoja angenunua! Wangeazima kwa binamu. Kwa hiyo gauni yangu ile ya heshima, maitu, kwa mto nadhani haijafanya kazi yoyote, imekunywa tu maji na petroli.

Unajiita mpelelezi. Mimi sijasikia mpelelezi anayelia kwa ajili ya mkaa. Alikuambia kwa sababu alitaka kusikilizwa. Zamani tukichunga alikuwa ananieleza kila kitu mpaka nalala. Mengine yetu na yeye wacha yakae.

Ni kiwiko cha kulia au cha kushoto?

Tata


Thika, shuleni
14 Mei 1996

Kwako Tata,

Barua yako ililala ofisini likizo nzima. Nimeipata tulipofungua, nikaisomea nyuma ya tangi la maji. Mwambie Benta namshukuru. Mama amepata kazi ya kuchambua kahawa siku tatu kwa wiki. Mradi umepita shuleni, Madam aliusoma kwa niaba yangu kwa kuwa sauti ilikataa. Mkutano wa wilaya utakuwa hapo kwenu Ruiru, tarehe ishirini na tisa Juni, na huko lazima nisimame mwenyewe.

Madam alikubali mashati matatu ya yule kijana. Alisema hicho ndicho kipimo chenyewe. Nilirudi nikazidisha tena: maji ya bwawa yakapungua zaidi ya nusu. Bado ni mengi. Nimeandika pia kwamba sijui mafuta ya meli iliyoleta belo, na moshi wa fagia sijaweza kuupima. Madam anasema kuandika usichokijua si aibu.

Lakini juzi usiku niliona kitu kingine nikakosa raha. Wale wanne, Tata. Wale wanne ambao wangenunua mpya ndio wanaoupumzisha mto. Na ndio hao hao ambao Baba angewafumia kitambaa. Namba ikipanda mto unafurahi na Baba anakaa kwenye stuli. Ikishuka, Baba hana wa kumlaumu na mradi wangu hauna maana. Ni namba moja. Nitasimamaje niiseme?

Naogopa kwamba akijua ataniambia maneno kama aliyokuambia. Mimi sina nguvu zako. Nikiambiwa hivyo na Baba sitaongea tena kabisa.

Ni kiwiko cha kulia. Na mfuko mmoja pia unaning'inia. Leo Madam Jentrix akirudi kwake Githurai 45 atashuka hapo Kimbo akuletee barua hii na koti kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwambia Baba nimelipeleka koti kufuliwa shuleni kwa sabuni ya maabara. Ndio uongo wangu wa kwanza kwake, angalau wa maneno. Tafadhali lirudi Ijumaa.

Gathoni


Kimbo
16 Mei 1996

Maitu,

Nampa Madam hii pamoja na koti. Ni mtu mzuri, amekunywa chai na kuniambia mambo ya kichwa chako ambayo wewe huwezi kuniambia.

Kiwiko nimekitia kiraka kwa ndani, si cha juu. Nilikata kitambaa kidogo kwenye upindo wa chini ili kiwe ni kilekile chake. Ni kitambaa kigumu hiki. Sindano mbili zimekatika. Yeye alikifuma vizuri, nani atasema la.

Nilikaa nalo siku nzima kabla ya kushona kwa sababu kulikuwa na wateja wengi.

Uzi mwekundu nimeweka. Nilitaka kuuacha, nikafikiri, hapana, kila nguo ni nguo.

Tata


Ngoingwa, Thika
16 Juni 1996

Kwako Tata,

Sikuandika mapema kwa sababu sikujua nianzie wapi. Sote wazima. Gachau alianguka kwenye mwembe, amechubuka tu.

Baba alivaa koti wiki nne bila kusema neno. Alikuwa akikunja mkono na kuunyoosha, akikunja na kuunyoosha, kama anajaribu bawaba ya mlango. Nikadhani limepita. Jana koti lilikuwa kwenye kamba, ndani nje, na yeye alikuwa akipita na ndoo. Akasimama. Nilikuwa nimechutama nikisugua sufuria, nikaona miguu yake haiendi. Akashika pindo, akalisogeza karibu na jicho.

"Gathoni."
"Baba."
"Sabuni ya maabara inashona?"

Nikaendelea kusugua sufuria.

"Nani ameweka huu uzi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Ni Tata." Nililisema jina lako kwa sauti, mpaka Mama akatokea jikoni na mwiko. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema yote. Mradi, belo, mapipa ya mkaa, wale wanne. Nilisema nikitazama sufuria. Nilipomaliza jogoo wa jirani akawika na hakuna aliyecheka.

Baba akatua ndoo. Akasema, "Maji ya kusuuza niliyokuambia ni ya rangi za kawaida. Nyeusi na ya kijani hunywa zaidi. Rekebisha." Akaenda.

Rekebisha! Tata, nimekaa na hilo neno tangu jana. Usiku alimwuliza Mama mkutano ni lini. Sijui atakuja kunisikiliza au kunizuia.

Gathoni


Ngoingwa, Thika
30 Juni 1996

Kwako Tata,

Naandika bila salamu ndefu, nisamehe.

Nilisimama. Baba alikuja. Alikaa nyuma karibu na mlango, koti la kaki, na mfuko wa karatasi kwapani. Nilidhani ni chakula. Nilianza kwa Kiingereza nilichokariri na kikaenda mpaka mwisho, kidogo kidogo. Waliokaa mbele walisikia. Halafu mwamuzi mmoja, mzee mwenye miwani, akaniuliza kama mitumba inafaa au haifai, "So, young lady, is mitumba good or is it bad?" Kiingereza kikaniishia pale pale. Nikajibu kwa Kiswahili, na sijui sauti ilitoka wapi kwa sababu nilisikia inarudi kutoka ukutani.

Nilisema, "Wanne katika kila kumi wameuachia mto maji. Baba yangu anafuma nguo. Wanne hao walikuwa wateja wake. Sikupata namba mbili, nimepata moja. Nimeileta ilivyo."

Mzee akavua miwani. Hatukuwa wa kwanza, tumekuwa wa tatu, na Madam alinikumbatia mbele za watu nikataka ardhi inimeze. Nilipotazama mlangoni, Baba hakuwepo.

Hakuwa amerudi nyumbani tulipofika. Alirudi giza limeingia. Akavua koti, akala, akaniambia, "Uliongea ukasikika." Basi. Akaenda kulala. Hajasema alikuwa wapi na sijathubutu kuuliza. Ule mfuko wa karatasi alirudi nao.

Kwa haya yote asante, Tata. Kama amekasirika, nitavumilia. Nilimwambia ukweli, na ninyi wawili ndio mlionipa wa kusema.

Gathoni


Kimbo, Ruiru
5 Julai 1996

Maitu,

Najua alikuwa wapi.

Jumamosi nilikuwa nimejaa kazi. Mtu akasimama mbele ya kibanda akanikatia mwanga. Nikasema bila kuinua kichwa, "Sogea, nashona kwa macho si kwa pua." Hakusogea. Akaweka mfuko wa karatasi juu ya meza. Ndani kulikuwa na shuka la kiwanda chao, lile jeupe la mistari, limeisha katikati mpaka unaona mkono.

Akasema, "Hili limechanika."
Nikasema, "Naona."

Hiyo ndiyo salamu yetu ya mwaka mmoja na nusu. Nikalikata katikati, nikaleta kingo nzima ndani na zilizoisha nje, vile mama alikuwa anafanya. Yeye alikaa kwenye benchi na wateja. Kidogo kidogo akaanza. "Wewe Warigia, unatia uzi wa nailoni kwa pamba? Utamkata mtu mgongo." Nikamwambia alete wake. "Na hiyo mashine yako inalia kama mbuzi." Akainama akaitia mafuta. Benta akaniuliza, "Huyu ni nani anakugombeza kwako?" Nikasema, "Ni kaka yangu." Akaletewa mandazi, akala matatu. Tulikula kwa meza ileile ya kushonea, maitu, kati ya makasi na mitumba, na hakuna aliyelitaja hilo.

Alinieleza vile ulisimama. Alinieleza mara tatu. Kazi bado hajaitwa, na mimi mitumba bado nauza. Hatukuyamaliza hayo na sidhani tutayamaliza.

Lakini nina data ya mradi wako. Shuka lilipoisha nikamwuliza lile swali, kama wateja wote: "Nisingekushonea, ungenunua jipya?" Akafikiri sana, unamjua. Akasema, "La. Ningelala kwa hili lililochanika."

Kwa hiyo andika la. Hilo shuka halikuuokolea mto hata kikombe.

Ule uzi mwekundu nilimpa auweke mwenyewe. Ameuweka umepinda. Asante, mama yangu.

Tata Warigia